UZI: CD ya muziki kuonyesha majina ya nyimbo kwenye redio ya gari, na maneno ya karaoke kwenye TV. Nilivyohangaika hapa Mwanza

#1 ChomaDisk_Mza

Wakuu, salaam kutoka Jiji la Miamba.

Uzi ni mrefu na hauna picha, mwenye haraka atangulie. Niliwaahidi watu wawili kwamba nitaandika. Leo umeme umekatika na laptop ina chaji, basi ndiyo nafasi.

Nina kachumba Mlango Mmoja: fotokopi, picha za pasipoti, na kompyuta kuukuu yenye draivu mbili za kuchomea CD. Najua mnachotaka kusema, na mtasema tu. Lakini wateja wa CD hawajaisha. Wamebaki kwaya, wazee, na wenye magari yaliyoshuka kutoka Japani na redio yake ile ile. Hao wa mwisho ndio wengi. FM ya redio hizo inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, na huku stesheni nyingi ziko juu ya hapo. Redio haina tundu la flashi, haina Bluetooth, menyu ni Kijapani kitupu. Mtu anatoka Buhongwa mpaka Magu anasikiliza nini? CD.

Sasa alikuja katibu wa kwaya moja ya Igoma. Wanatimiza miaka 25, wanataka CD 60 zenye nyimbo 12, za kuuza siku ya sherehe. Tumeelewana bei, kashika mlango aondoke, akageuka: "Na zile herufi, fundi. Kwenye gari la mchungaji CD za dukani zinaandika jina la wimbo kwenye redio. Na zetu ziandike." Nikamwambia hilo dogo, dada yangu.

Halikuwa dogo. Mafaili yangu ya MP3 niliyajaza majina yote vizuri, jina la wimbo, jina la kwaya, mwaka, kila kitu. Nikayaburuta kwenye programu, nikachoma 20 za kwanza, nikampelekea mchungaji ajaribu. TRACK 01. TRACK 02. TRACK 03. Zote 20.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. CD ya muziki haina mafaili ndani yake. Ukichoma MP3 kama CD ya muziki, programu inaifungua ile MP3, inageuza sauti kuwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, kushoto na kulia, halafu yale majina uliyojaza kwa jasho yanaachwa mlangoni. Kanuni za CD walizotoa Philips na Sony mwaka 1980, zile za kitabu chekundu, hazikuwa na mahali pa kuandika jina la wimbo. Jina lilikaa kwenye kava, basi. Hata vile vifaili vya .cda unavyoviona kwenye Windows, vya baiti 44, vinakuambia tu wimbo unaanzia wapi. Wapo watu wanaovikopi kwenye flashi halafu wanashangaa haviimbi.

Mahali pa majina pamekuja 1996, ndiyo CD-Text. Majina yanakaa eneo la mwanzo la CD, kule ndani karibu na tundu la katikati, kabla ya wimbo wa kwanza. Ni hapo hapo redio inapopita kwanza kusoma orodha ya nyimbo, kwa hiyo redio inayoijua CD-Text inatoa jina mara tu ikimeza CD.

Na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Programu yangu ilikuwa inachoma kwa Track-at-once, wimbo mmoja mmoja. Kwa mtindo huo draivu inajiandikia lile eneo la mwanzo yenyewe, mwishoni, wakati wa kufunga CD, na majina yako haiyaulizi. Inatakiwa Disc-at-once: draivu inaanzia eneo la mwanzo na kwenda moja kwa moja bila kuzima leza mpaka mwisho wa CD. Nikabadilisha hicho kitu kimoja, nikaweka alama kwenye kisanduku cha CD-Text, herufi zikatoka.

Nitaendelea. Kuna kisa cha alama moja ndogo iliyonipotezea siku nzima.

#2 dagaa_mchele

Siti ya mbele. Naombeni kahawa.

#3 Kijana_Nyegezi

Mkuu kwa heshima zote, hii ni kazi ya kufufua maiti. Nunua redio ya kisasa pale mjini, weka flashi ya GB 32, nyimbo elfu nne na majina yake. Unahangaika na nyimbo 12?

#4 ChomaDisk_Mza

@Kijana_Nyegezi nilijua utakuja, karibu. Gari si langu, ni la mchungaji. Redio yake imeunganishwa na skrini ya kiyoyozi, ukiitoa unabaki na shimo kwenye dashibodi na taa zinazowaka ovyo. Halafu nikuulize: siku ya jubilee mama wa kwaya anauza nini pale nje ya kanisa? Flashi ya GB 32? CD ina kava, ina picha ya wanakwaya wamevaa sare, mtu anaiweka kabatini. Anayenunua ananunua na ile picha.

#5 Kijana_Nyegezi

Hapo kwenye sare umenipata 😂

#6 Mzee_wa_Nansio

Mimi nina gari la namna hiyo huku Ukerewe. CD za dukani zinaandika, za kuchoma haziandiki. Miaka yote nilidhani redio inabagua CD za kuchoma. Endelea kijana wangu.

#7 ChomaDisk_Mza

Redio haibagui, mzee wangu. Inasoma kilichoandikwa.

Nikiwa nimefurahi na Disc-at-once yangu, nikachoma moja ya majaribio. Wimbo wa nne jina lake ni la Kisukuma, lina neno Ng'wana. Kwenye redio ya mchungaji likatokea: Ng, kisha alama mbili za Kijapani zenye vijiti vingi, kisha "ana". Ile w haipo kabisa. Mchungaji akaniuliza kwa upole kama wimbo umetafsiriwa.

Nilikaa na hilo jambo kuanzia saa tatu asubuhi mpaka giza. Kumbe majina niliyoletewa na katibu yalichapwa kwenye programu ya barua, na programu hizo zinapenda urembo. Ukibonyeza ile alama ya juu inayokaa kwenye ng', zenyewe zinaipinda kama mkia wa mkizi. Kwa macho ni kitu kile kile. Kwenye kompyuta ile iliyonyooka ni baiti moja, na ile iliyopinda, ikihifadhiwa kwa UTF-8 (mtindo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi), ni baiti tatu. Redio ya Kijapani imezoea kuunganisha baiti mbili kuwa herufi moja ya kwao. Ikakutana na baiti tatu, ikachukua mbili za kwanza ikaandika herufi, ikabaki na moja pungufu, ikamkamata jirani yake w kukamilisha jozi. Ndiyo hivyo w ilivyomezwa.

CD-Text ya lugha zetu inaandikwa kwa seti ya herufi iitwayo ISO 8859-1, na humo alama iliyopinda haimo. Iliyonyooka imo. Kiswahili kina bahati kwa hili, hakina vinyota wala vikofia juu ya herufi. Kitu pekee cha kuchunga ni hiyo ng'. Kwa mwana Mwanza, lakini, hiyo "pekee" iko kila mahali, na majina ya watu wetu nusu yanaanza nayo. Andikeni kwenye Notepad, msiandike kwenye programu ya barua.

Faili langu la CUE, lile la maandishi linaloiambia programu mpangilio wa nyimbo na majina, kwa wanaochoma kwa ImgBurn, linaanza hivi:

PERFORMER "jina la kwaya"
TITLE "jina la albamu"
FILE "01.wav" WAVE
  TRACK 01 AUDIO
    TITLE "jina la wimbo"
    PERFORMER "jina la kwaya"
    INDEX 01 00:00:00

Na kuendelea hivyo mpaka 12. Nafasi si kubwa: kila kipakiti cha CD-Text kinabeba herufi 12, na vipakiti vya lugha moja havizidi 256, yaani kama herufi elfu tatu ukijumlisha vyote. Kwa nyimbo 12 inatosha na kubaki. Usiweke mahubiri.

#8 dagaa_mchele

"Kama wimbo umetafsiriwa" nimecheka mpaka abiria mwenzangu kwenye daladala kaniangalia.

#9 Karaoke_Kirumba

Wakuu naomba nidandie uzi, tatizo langu ni ndugu na hilo. Nina baa ndogo Kirumba. Nilipata mashine ya karaoke ya mtumba pamoja na CD zake kama 15. Ukiweka, sauti inatoka spika na maneno yanatokea kwenye TV, yanabadilika rangi mtu anavyoimba. Nikaogopa zitachunika, nikampelekea fundi (si mwenye uzi) anitolee kopi. Kopi zote zinaimba vizuri, TV haitoi neno hata moja. Tatizo ni CD alizotumia?

#10 ChomaDisk_Mza

CD zake hazina kosa. Hizo zako ni CD+G, yaani CD ya muziki iliyofichiwa picha za maneno pembeni ya sauti, na fundi alikopi sauti tu. Kuna mwalimu wangu humu, ngoja nimwite, hesabu zake ni safi kuliko zangu. @Ticha_Pasiansi

#11 Ticha_Pasiansi

Nimeitika.

Chukua sekunde moja ya CD. Imekatwa sekta 75. Kila sekta ina vipande 98, na kila kipande kimebeba baiti 24 za sauti, baiti 8 za kurekebisha makosa, na baiti moja ya pembeni. Hiyo baiti moja ndiyo habari yenyewe. Ina biti nane, zimepewa herufi P hadi W. P inaonyesha mpaka kati ya wimbo na wimbo. Q inabeba namba ya wimbo, dakika na sekunde, zile unazoziona zikihesabu kwenye deki. R, S, T, U, V na W, biti sita, waliziacha wazi.

Fikiria kivuko kinachokwenda Kamanga na kurudi na siti sita tupu, safari zote, siku zote. Katika vile vipande 98 viwili ni vya alama ya kuanza, vinabaki 96. Biti sita mara 96 ni baiti 72 kwa sekta. Mara 75 ni baiti 5,400 kwa sekunde. CD ya dakika 74 inazunguka na karibu megabaiti 24 tupu pembeni ya muziki, na deki nyingi duniani hazijawahi kuzitazama.

CD+G, iliyoingia sokoni 1985, ilipandisha abiria kwenye hizo siti. Na CD-Text ya mwenye uzi inatumia siti hizo hizo, ila za eneo la mwanzo tu. Ni ndugu wa baba mmoja.

Kwenye CD+G zile biti zinafungwa vipakiti 300 kwa sekunde. Picha ina pikseli 300 kwa 216, na zinazoonekana katikati ni 288 kwa 192. Rangi 16 kwa wakati mmoja, unazichagua kutoka 4,096. Haichori pikseli moja moja, inachora vigae: kila kigae pikseli 6 kwa 12, kila kipakiti kigae kimoja, rangi mbili. Ukurasa mzima unaoonekana ni vigae 48 kwa 16, yaani 768. Gawanya kwa 300: sekunde mbili na nusu kuchora ukurasa mmoja. Ndiyo maana kwenye karaoke unaona maneno yanajijenga kama fundi anayepanga marumaru, na ndiyo maana waandaaji wanachora nusu ya juu wakati unaimba nusu ya chini. Maneno yanayobadilika rangi ni vigae vile vile vikirudiwa kwa amri nyingine, inayogeuza rangi bila kuchora upya.

Kuhusu kopi: kompyuta ikinakili CD ya muziki kwa njia ya kawaida, inachukua baiti 2,352 za sauti kwa kila sekta, zile 96 za pembeni inaziacha. Kopi inaimba, TV kimya.

#12 Karaoke_Kirumba

Ticha wabeja sana. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikaelewa. Sasa inawezekana kuzikopi na siti zake zote?

#13 ChomaDisk_Mza

Inawezekana, lakini draivu lazima ikubali mara mbili: kusoma R mpaka W, na kuziandika. Si kila draivu. Plextor za zamani zilisifika kwa hilo. Kati ya mbili zangu, moja inasoma na haiandiki, nyingine inafanya yote, na ndiyo yenye trei inayokwama. Kwenye Linux ukiendesha cdrecord na -prcap, itakupa orodha ya uwezo wa draivu, humo tafuta mstari unaotaja R-W. Kunakili natumia cdrdao na --read-subchan rw_raw. Bila hilo neno unapata sauti peke yake, kama fundi wako. Choma taratibu, na usijaribu kwa Track-at-once, nimeshakuwa mfano.

Zile zako ulizonunua halali, kopi ya kulinda mali yako naielewa. Ukianza kuziuza nje ya baa, sipo.

#14 mvuvi_wa_biti

Nyongeza kidogo. CD+G ikichunika inaharibika maneno kabla ya sauti. Zile baiti 8 za kurekebisha zinalinda muziki, ile baiti ya pembeni haimo kwenye ulinzi huo, ina ulinzi wake mdogo ndani ya vipakiti na mashine nyingi hazihangaiki nao. Sauti inakuwa safi kabisa, lakini herufi zina mapengo ya mstatili, kigae kimoja hakikufika. Ukiona "NAK PENDA" ujue vumbi.

Halafu Sega Saturn ya kaka yangu inaonyesha CD+G. Tuligundua kwa bahati mbaya, tulikuwa tunatafuta gemu.

#15 Kijana_Nyegezi

Narudi kwa adabu. Je, siwezi kuweka hayo maneno ya karaoke kwenye flashi? Kuna sherehe ya shangazi.

#16 Ticha_Pasiansi

Unaweza, na utaratibu ni rahisi. Zile biti za pembeni zinatolewa zikawa faili la .cdg, sauti inakuwa MP3, mafaili mawili yenye jina moja kwenye folda moja. VLC inayafungua. Kama majina yanatofautiana hata nafasi moja tu, hayajuani.

Hesabu ya kukagua: kwenye faili kila biti sita zinapewa baiti nzima, kwa hiyo kipakiti ni baiti 24, vipakiti 300 kwa sekunde, yaani baiti 7,200 kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne lazima .cdg yake iwe kama baiti 1,728,000. Gawanya ukubwa wa faili kwa 7,200 upate sekunde, linganisha na urefu wa MP3. Zikitofautiana sekunde tatu, mtu amekata ukimya wa mwanzo wa wimbo, na shangazi ataimba ubeti ambao TV bado haijafika.

Ukiandaa maneno mwenyewe, jihadhari na Kiswahili. Mifano mingi ya programu hizi imepangwa kwa maneno mafupi. Herufi ya kusomeka kutoka mbali inataka vigae viwili kwa upana, kwa hiyo mstari una herufi 24. "Tutakapokutanika" ina 16. Neno moja limekula theluthi mbili ya mstari. Kateni kwa silabi, msiache programu ikate: yangu iliwahi kuacha "tutakapokutanik" juu na "a" chini, na mwimbaji akasita hapo kweli.

#17 Mzee_wa_Nansio

Mwenye uzi, kwaya iliishia wapi?

#18 ChomaDisk_Mza

Iliishia vizuri, mzee, kwa kuzunguka. Nilirekebisha ng', nikachoma moja, nikaenda nayo Igoma mwenyewe. Katibu akaingia kwenye gari, tukafunga milango kama tunasikiliza matokeo ya mtihani. Herufi zikatoka. Wimbo wa kwanza: KWAYA YA VIJ. Wimbo wa pili: KWAYA YA VIJ. Akabonyeza mpaka wa 12, wote KWAYA YA VIJ.

Redio ile inaonyesha herufi 12 tu, nyingine hazisogei mpaka ubonyeze kitufe kwa muda. Na katibu aliniandikia kila jina likianza na "Kwaya ya Vijana", kwa sababu hakutaka mtu asahau ni ya nani. Nikamwonyesha kwamba jina la kwaya lina mahali pake, PERFORMER, na la wimbo liko TITLE. Hakupenda. Alisema mtu akiona jina la wimbo peke yake atajuaje? Mchungaji, aliyekuwa amesimama dirishani muda wote, akamwambia, "Mama, aliyeinunua anajua."

Nikachoma 60 upya kwa hasara yangu, zile 20 za TRACK 01 nimezitundika kwenye mahindi ya jirani, zinafukuza ndege. Wimbo wa nne sasa unasomeka Ng'wana, alama imenyooka.

#19 Mzee_wa_Nansio

Niwekee moja. Jumatano nashuka na meli ya asubuhi, nitapita hapo Mlango Mmoja. Na draivu yenye trei inayokwama usiitupe, nina mkanda wa mpira wa deki unaoweza kuenea.

#20 dagaa_mchele

Na mimi nakuja kuona mahindi.